Mama alipatwa na kiharusi alfajiri, daktari akamwona alasiri: masaa 10 yalipotelea wapi?

SWALI: Salamu, daktari. Tunaishi mtaa wa Umoja hapa Nairobi, mimi, wazazi wangu na wadogo zangu wawili. Mwezi uliopita mama, ambaye ana miaka 58 na ana presha, aliamka kama kawaida kutayarisha chai. Saa 11 na nusu alfajiri kikombe kikamponyoka. Nilimkuta mdomo umekwenda upande na maneno yake hayaeleweki. Tulidhani presha imepanda, tukampa vidonge vyake viwili badala ya kimoja, tukamlaza, tukampigia kaka yetu mkubwa aliye Nakuru. Saa 2 asubuhi tukampeleka kliniki ya karibu, wakamtundikia maji. Saa 5 wakatuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Tulifika saa 6, tukaambiwa mashine ya skani imeharibika, tukatumwa kituo cha picha mjini, tukarudi. Saa 9 na nusu alasiri ndipo daktari alipomwona, akasema ni damu iliyoganda kichwani, na kwamba tungewahi kuna dawa ambayo angefikiria kumpa. Sasa mkono na mguu wa kulia hauna nguvu. Kaka ananilaumu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nyumbani. Je, ni kweli nilimchelewesha? Baba naye ana presha, nifanyeje? Na familia inataka mama apelekwe nyumbani Machakos akapumzike, ni sawa? Nimekumbuka pia kwamba wiki moja kabla ya siku hiyo, akifua nguo, mkono huo huo ulikufa ganzi kwa kama robo saa, ukarudi. – Msomaji, Umoja

JIBU: Pole sana, dada yangu, kwa kuuguza na kwa lawama juu yake. Nitaanza na kaka yako, maana nadhani hilo ndilo linalokunyima usingizi kuliko yote.

Ni kweli kwamba muda ulipotea. Si kweli kwamba uliupoteza wewe. Tuyahesabu masaa hayo 10 kama ulivyoyaandika. Nyumbani mlikaa masaa 2 na nusu. Kliniki, masaa 3. Njiani hadi hospitali kubwa, saa 1. Kuanzia saa 6 hadi saa 9 na nusu, masaa mengine 3 na nusu yaliliwa na mashine mbovu, safari ya mjini na foleni ya kurudi. Ukimuuliza mkazi yeyote wa Nairobi kwa nini wagonjwa wa kiharusi huchelewa, atakutajia jam. Jam ipo, na Jogoo Road asubuhi haimwonei mtu huruma. Lakini kwa mama yako barabara ilichukua kipande kidogo. Muda mwingi ulikwisha mgonjwa akiwa amelala mahali pamoja, kila aliye karibu naye akifanya jambo alilodhani ni msaada. Hali ni hiyo hiyo hata katika nchi zenye ambulensi za kutosha: tafiti za miaka mingi zinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya ucheleweshaji hutokea kabla mtu hajapiga simu ya kwanza ya kuomba msaada.

Dawa aliyoitaja daktari ni ya kuyeyusha bonge la damu. Iliyotumika kwa muda mrefu inaitwa alteplasi; siku hizi nchi nyingi zinahamia tenekteplasi, ambayo hudungwa mara moja na kazi ikaisha. Mwaka 1995 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba alteplasi husaidia ikitolewa ndani ya masaa 3 tangu dalili zianze. Mwaka 2008 utafiti wa Ulaya ukausogeza mpaka huo hadi masaa 4 na nusu. Kwa mama yako, masaa 4 na nusu yalitimia saa 4 asubuhi. Saa hiyo alikuwa kitandani kliniki, chupa ya maji ikidondoka.

Mwambie kaka yako na hili pia. Kati ya wagonjwa 10 wanaopewa dawa hiyo ndani ya masaa 3, ni kama 1 anayebaki bila ulemavu wa maana ambaye bila dawa asingekuwa hivyo. Kati ya masaa 3 na masaa 4 na nusu, inakuwa 1 kati ya kama 20. Na takriban 6 kati ya 100 huvuja damu ubongoni baada ya kudungwa, wengine wakafa. Kwa hiyo hakuna daktari mkweli atakayekuapia kwamba mama angekuwa anatembea leo kama mngefika saa 1 asubuhi. Alichokosa ni nafasi, na nafasi hiyo ilipotezwa na watu wengi, baadhi yao wakiwa wamevaa koti jeupe. Kaka aliyekuwa Nakuru, ambaye kwanza alitafutwa kwa simu ndipo uamuzi ufanywe, naye yumo katika hesabu.

Mshipa wa ubongo ukiziba, sehemu iliyo katikati ya eneo unalolilisha hufa ndani ya dakika chache. Hiyo hatuirudishi. Kuizunguka huwa kuna eneo pana zaidi ambalo limenyamaza tu. Halifanyi kazi, ndiyo maana mkono umelegea na ulimi haushiki maneno, lakini bado linapata damu kidogo kutoka mishipa ya jirani na liko hai. Kadiri dakika zinavyokwenda, kilichokufa katikati hutanuka na kukimeza kilicho pembeni. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2006 yanasema kwamba katika kiharusi kikubwa cha aina hii, seli za neva kama milioni 1.9 hufa kila dakika. Tunapokimbizana na saa, tunapigania eneo hilo la pembeni.

Sasa tuje kwa vile vidonge viwili vya presha. Karibu kila familia ninayoiona imefanya hivyo, kwa hiyo usijione wa pekee. Mantiki inaonekana sawa: ana presha, mdomo umepinda, basi presha imepanda, tuishushe. Shida ni kwamba mshipa ukiziba, mwili wenyewe huipandisha presha kwa makusudi ili damu isukumwe kupitia njia za pembeni ilifikie lile eneo lililonyamaza. Ukiishusha ghafla, unalinyima damu hiyo kidogo lililobaki nayo. Hospitalini tunaposubiri kutoa dawa ya kuyeyusha tunataka presha iwe chini ya 185 kwa 110, na tunaishusha polepole tukiwa tunaipima kila mara. Kwa mgonjwa asiyepewa dawa hiyo mara nyingi huwa hatuigusi kabisa mpaka ipite 220 kwa 120. Wengi hushtuka wakisikia hivyo. Vidonge viwili vya mama huenda havikubadilisha mengi, siwezi kujua, lakini hatari ya pili ilikuwa kubwa zaidi: mtu ambaye nusu ya uso wake imelegea mara nyingi koo lake nalo limelegea, na kidonge pamoja na maji vinaweza kuingia mapafuni na kumletea nimonia. Kwa hiyo siku kama hiyo, hakuna kumpa kitu mdomoni. Hakuna chai, uji, maji ya limau wala kitunguu saumu.

Aspirini vilevile hapana. Wengi wamesikia kwamba inasaidia, na ni kweli, lakini baada ya skani. Viharusi ni vya aina mbili: mshipa kuziba, na mshipa kupasuka damu ikavujia ubongoni. Kwetu Afrika fungu la pili ni kubwa kuliko Ulaya. Katika utafiti mkubwa uliofanywa Nigeria na Ghana lilikuwa karibu theluthi ya wagonjwa. Ukimtazama mgonjwa kwa macho huwezi kutofautisha, na mimi pia siwezi, hata niwe nimefanya kazi hii miaka mingapi. Mdomo hupinda vilevile. Dawa inayomsaidia wa kwanza inaweza kumuua wa pili.

Hapo ndipo kiini cha jibu langu kilipo. Kwa mgonjwa wa kiharusi, mahali pasipo na skani inayofanya kazi ni kituo cha matatu tu, si hospitali. Hata wawe na madaktari wazuri, vitanda safi na nia njema, bila picha ya kichwa hawawezi kuamua lolote la maana. Vituo vyetu vya afya vya ngazi ya 2 na ya 3 havina mashine hiyo wala havikukusudiwa kuwa nayo. Kliniki za mtaani hazina. Pale mama alipotundikiwa maji alipewa kitu kimoja tu ambacho kingeweza kuwa na faida, yaani kupimwa sukari, kama walimpima. Sukari ikishuka sana, hasa kwa anayetumia dawa za kisukari, mtu anaweza kulegea upande mmoja na kubwabwaja kama mwenye kiharusi, na ukimpa sukari anaamka. Kipimo hicho ni tone la damu na dakika moja. Baada ya hapo walipaswa kuwaambia muondoke. Na kama maji yenyewe yalikuwa ya sukari bila kipimo kuonyesha kwamba imeshuka, basi afadhali wasingeyatundika, maana sukari ikizidi huuongezea madhara ubongo ulioumia.

Siwalaumu sana maafisa wa kliniki hizo. Mgonjwa akiletwa na watu sita waliojaa hofu, kuwaambia "nendeni, hapa hakuna kitu" ni jambo gumu, na jamaa wenyewe hukasirika. Maji ya kutundika huwatuliza watu. Ni tiba ya jamaa.

Kuna jambo moja dogo ambalo nimeona likibadilisha masaa, nalo ni maneno mnayotamka mkifika mapokezi ya dharura. Ukisema "mama ana presha," unawekwa kwenye foleni ya presha, na Nairobi foleni hiyo ni ndefu. Ukisema "amezidiwa," hujasema kitu. Kila aliyepo amezidiwa. Sema hivi: "Nashuku ni kiharusi. Uso umepinda, mkono wa kulia hauna nguvu, kimeanza saa 11 na nusu alfajiri." Nesi wa zamu akisikia dalili zikifuatwa na saa, anajua kwamba muda unahesabika. Hospitali zilizojipanga hulenga dawa iingie mshipani ndani ya dakika 60 tangu mgonjwa apite mlangoni, na hizo dakika 60 haziwezi kuanza kuhesabiwa kama hakuna aliyejua kwamba ni kiharusi.

Saa hiyo mnayoitaja ni saa ya mwisho mgonjwa alipoonekana mzima, si saa mlipomkuta. Kwa mama yako mlikuwa na bahati: kikombe kilianguka mkiwa macho. Wengi huamka asubuhi wakiwa tayari wamepooza. Kama alilala saa 4 usiku akiwa mzima na mkamkuta saa 12 asubuhi hawezi kuinuka, sisi tunalazimika kuhesabu kutoka saa 4 usiku, ila tukiwa na picha za hali ya juu zinazoweza kuonyesha ni kiasi gani cha ubongo bado kiko hai. Kwa hiyo aliyezungumza naye mwisho, au aliyemwona akienda msalani usiku, aje hospitalini au apatikane kwa simu. Mara nyingi anayemsindikiza mgonjwa ni jirani mwenye gari asiyejua lolote, na anayejua yote amebaki nyumbani kuwaangalia watoto.

Umeuliza kuhusu baba. Fanyeni yafuatayo wiki hii, kabla ya presha ya mtu kupanda.

Kwanza mjue mtakwenda wapi. Kutoka Umoja, Mama Lucy Kibaki iko karibu. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta iko ng'ambo ya mji, na ile ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta mnaifikia kwa upande wa pili bila kuingia katikati ya jiji. Hospitali kubwa za binafsi nyingi ziko upande wa Upper Hill, Parklands na viunga vyake. Sikutajii moja na kusema nendeni pale, kwa sababu mashine inayofanya kazi leo huenda Jumapili isifanye. Pigeni simu kwa tatu, moja baada ya nyingine, muulize maswali matatu: skani yenu ya kichwa inafanya kazi usiku na wikendi? Mnayo dawa ya kuyeyusha damu kwa mgonjwa wa kiharusi? Kuna mtu wa kuisoma picha hiyo usiku wa manane? Katika baadhi ya hospitali anayejibu atababaika. Kubabaika kwake pia ni jibu. Andikeni majina mawili kwenye karatasi, la kwanza na la akiba, pamoja na nambari zao za dharura, mbandike mlangoni. Siku yenyewe mkipiga simu mkiwa njiani, swali ni moja: skani iko sawa sasa hivi? Simu hiyo ya nusu dakika ingewaokolea masaa zaidi ya 3.

Pili, amueni sasa nani anaamua. Hili ni la kifamilia kuliko la kitabibu, lakini nimeliona likila masaa mengi kuliko jam. Kifungua mimba anapigiwa, hapatikani, anatafutwa mjomba, kundi la WhatsApp linajaa "pole" na "tunaomba", mtu anasubiri M-Pesa iingie ndipo ateremke ngazi. Kubalianeni kwamba aliye karibu na mgonjwa, hata awe kitinda mimba wa miaka 17, ana ruhusa ya kumtoa nyumbani bila kumuuliza mtu. Wengine mtawajulisha mkiwa garini. Na wanaotaka kumwombea mgonjwa, waombe. Kiti cha nyuma cha teksi kinatosha kwa maombi.

Usafiri: 999 na 112 ndizo nambari za dharura, na Msalaba Mwekundu wanapatikana kwa 1199. Piga, uulize ambulensi iko wapi na itachukua dakika ngapi. Ukiambiwa ni zaidi ya robo saa, au ukipewa jibu la "iko njiani" lisilo na mahali, chukua teksi au gari la jirani. Bodaboda usimpandishe, maana hawezi kujishikilia na akitapika atapaliwa. Mlaze kwa ubavu kwenye kiti cha nyuma, kichwa kimeinuka kidogo. Kwa wanaokaa ghorofa ya sita bila lifti, kama kule mtaa wa Pipeline, mjue mapema ni vijana gani wa ploti wanaoweza kumbeba mtu kwenye kiti cha plastiki hadi chini, na mlinzi awe na nambari zao.

Fedha na karatasi. Bima ya afya ya zamani, NHIF, iliondoka Oktoba 2024 ikaja mpya ya SHA. Hakikisheni baba amesajiliwa na michango iko sawa. Mnaweza kuangalia kwa *147# sasa hivi mkiwa mmekaa. Hata hivyo, mkikosa pesa msirudi nyumbani. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaifanya kuwa kosa kituo kuyanyima hali kina uwezo wa kuyatoa. Najua dirishani hali huwa tofauti, mtu anaambiwa alipe amana kwanza. Taja sheria hiyo kwa upole na umwombe msimamizi wa zamu. Si kila mara itafanya kazi, lakini nimeona ikifanya. Katika mfuko wa karatasi muweke nakala ya kitambulisho na orodha ya dawa zake zote. Kama anatumia dawa ya kuzuia damu isigande, kama wafarini, iandikwe kwa herufi kubwa juu kabisa. Inaweza kutukataza kutoa dawa ya kuyeyusha.

Na dalili zenyewe, wafundishe hata watoto. Mwambie atabasamu, uone kama upande mmoja wa uso umebaki nyuma. Mwambie ainue mikono yote miwili mbele akiwa amefumba macho, uone kama mmoja unashuka. Mwambie arudie sentensi nyepesi, "leo ni Jumanne na tunakwenda Gikomba." Moja tu ikikosekana ghafla, ondokeni. Ongezeni kuona giza ghafla jicho moja au upande mmoja, kuyumba ghafla, na maumivu ya kichwa ya kupasua yasiyo na mfano. Neno la kushika ni ghafla. Katika mji huu mwanamume anayepepesuka na kubwabwaja saa 3 asubuhi hupitwa na watu mia wakidhani amelewa. Wako waliofungiwa nje na walinzi wa ploti zao wenyewe. Kwa wanawake, mara nyingi husemwa ni mapepo. Na ule ujumbe unaozungushwa kwenye simu, wa kumdunga mgonjwa sindano vidoleni mpaka damu itoke kabla ya kumsogeza, ufuteni. Hauna faida yoyote, na umeshawapotezea watu dakika nyingi.

Sasa niseme juu ya lile uliloliandika mwisho kabisa, kama jambo la kando. Mkono uliokufa ganzi wakati wa kufua, ukarudi baada ya robo saa. Ukiniuliza ucheleweshaji wa mama yako ulianza lini, nitasema siku hiyo. Kwa maelezo yako, nina hakika ya kutosha kwamba kilikuwa kiharusi kidogo kilichojifungua chenyewe: bonge liliziba, kisha likasambaratika. Hatari ya kiharusi kamili baada ya tukio la namna hiyo ni kubwa zaidi katika siku 2 za kwanza, na huendelea kuwa juu kwa wiki kadhaa. Ndizo siku ambazo tiba ya kuzuia ina nguvu kuliko wakati mwingine wowote: skani, kipimo cha moyo, aspirini pamoja na dawa nyingine kwa wiki chache, kuipanga presha upya. Dalili kurudi zenyewe huwafanya watu wapumue na kuendelea na shughuli. Mtu huyo anastahili kufika hospitalini siku hiyo hiyo kwa haraka ile ile. Kama ni baba kesho mkono wake ukifa ganzi dakika 5 ukarudi, karatasi ya mlangoni inafanya kazi vilevile.

Kwa kila siku, baba anywe dawa zake hata akijisikia mzima. Presha ndiyo sababu kubwa kuliko zote. Utafiti wa nchi nyingi uliochapishwa mwaka 2016 uliihusisha na karibu nusu ya viharusi. Wagonjwa wengi wa hapa Nairobi huacha dawa kichwa kikiacha kuuma, au pesa zikiisha katikati ya mwezi. Kama shida ni pesa, amwambie daktari wazi, kwa kuwa zipo dawa za bei nafuu zinazofanya kazi ile ile. Akienda kliniki aombe pia mapigo ya moyo yasikilizwe. Moyo unaopiga ovyo ovyo hutengeneza mabonge yanayopanda kichwani, na tiba yake ni tofauti.

Nisieleweke vibaya kuhusu hayo masaa 4 na nusu. Zipo familia zinazosema "tumeshachelewa, tumwache apumzike, twende kesho." Tangu mwaka 2015 imethibitishwa kwamba bonge kubwa linaweza kuvutwa nje kwa mrija unaopitishwa kwenye mshipa wa paja, na tangu 2018 kwamba wagonjwa waliochaguliwa kwa picha wanaweza kufanyiwa hivyo hadi masaa 24. Hapa kwetu huduma hiyo ni adimu na ghali mno, sitakudanganya. Lakini hata bila hiyo, aliyechelewa akilazwa kwenye wodi yenye watu waliofunzwa kiharusi, wanaompima uwezo wa kumeza kabla ya kumpa chakula, wanaomgeuza, wanaodhibiti homa na sukari na kuanza kumsimamisha mapema, ana nafasi kubwa zaidi ya kuishi na kurudi nyumbani kwa miguu yake. Hilo halina kikomo cha masaa.

La mwisho ni Machakos. Ubongo hujipanga upya kwa kasi zaidi katika miezi 3 ya kwanza, na mama yuko ndani yake sasa. Neno "akapumzike" ndilo linalonitia wasiwasi. Anahitaji mazoezi ya mkono na mguu kila siku, na mtaalamu wa tiba ya viungo wa kuyaongoza angalau mara kadhaa kwa wiki, na kama maneno bado hayatoki sawa, mtaalamu wa usemi. Kama nyumba yenu iko karibu na mji wa Machakos, hospitali ya Level 5 iko pale na anaweza kwenda huko, tena pengine atapata hewa na watu wengi wa kumsaidia kuliko Umoja. Ulizeni kwanza siku za kliniki ya viungo na mpange nani atampeleka. Kama ni ndani, kuelekea Yatta au Masinga, ambako safari ya kwenda na kurudi ni siku nzima, mwacheni Nairobi mpaka miezi hiyo 3 ipite. Popote atakapokuwa, bega la mkono uliolegea lisivutwe mnapomwinua, mshikeni kiunoni. Na kabla hajaondoka, mhakikishe ameandikiwa dawa ya kuzuia damu isigande tena na anajua ataipata wapi zile za mwezi wa kwanza zikiisha.